Nyumba ya milioni 6.8 na bili zilizofuata: uchambuzi wa kisa kimoja kando ya Eastern Bypass

Kuhusu kisa hiki

Kwa miaka kadhaa nimekaa kwenye dawati la mikopo la sacco moja jijini Nairobi. Wanachama huja kwangu wakiwa na furaha ya kununua nyumba, na baadhi yao hurudi miezi kadhaa baadaye bila ile furaha. Familia ninayoieleza hapa imekubali kisa chao kitumiwe kufundishia. Mtaa wenyewe, shule, benki, kampuni iliyojenga na hata sacco yetu sivitaji, na tarakimu nimezisogeza kidogo bila kuvuruga uwiano wake. Mke nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mume nitamwita Fundi, maana anatengeneza mitambo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area.

Niseme mapema kwamba mimi pia nimo katika kisa hiki, na si mahali pa kujivunia. Nitafika hapo.

Usuli

Mwaka 2022 Mwalimu na Fundi waliishi Eastlands, mashariki mwa Nairobi, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili vya kulala. Kodi ilikuwa shilingi 28,000 kwa mwezi, maji ndani. Mwalimu alikwenda kazini kwa matatu moja, Fundi kwa matatu moja na mguu kidogo. Watoto wao wawili walitembea dakika kumi kufika shuleni. Nauli ya wazazi wote wawili ilikuwa kama 9,000 kwa mwezi. Mishahara yao ya mkononi, ukiijumlisha, ilifika 165,000.

Walikuwa na akiba ya 1,610,000 waliyoikusanya kwa miaka tisa kupitia sacco, chama cha akina mama na marupurupu ya Fundi ya kila Desemba. Hawakuwa watu wa pupa. Daftari lao la hesabu nimeliona, na ni safi kuliko madaftari ya biashara nyingi zinazokuja kwangu kuomba mkopo.

Kilichowasukuma ni kile kinachowasukuma wengi. Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012, na Eastern Bypass kuunganisha Ruiru na upande wa Embakasi, mashamba ya kahawa na ya mifugo ya Kiambu yamegeuka kuwa safu za nyumba zenye geti. Kwa bei ya fleti ya vyumba viwili karibu na mji, huko unapata nyumba ya ghorofa moja yenye vyumba vitatu, kibaraza cha kuanikia nguo na mahali pa kuegesha gari ambalo bado huna. Tangazo waliloliona lilisema “dakika 20 hadi mjini”. Dakika hizo zipo kweli. Mimi nimezipata mara moja, asubuhi ya Krismasi, wakati Nairobi yote imekwenda ushago.

Waliitazama nyumba mara tatu kabla ya kukubali, na mara zote tatu ilikuwa Jumapili alasiri, baada ya kanisa.

Mlolongo wa matukio

*Novemba 2022 hadi Machi 2023: ununuzi*

Mjenzi alitaka 7,200,000. Walipatana kwa 6,800,000. Mpango ulikuwa kulipa asilimia 20, yaani 1,360,000, na benki itoe 5,440,000 kwa miaka 20. Riba ilikuwa asilimia 12.5, ya kupanda na kushuka. Rejesho likawa 61,800 kwa mwezi. Kiasi kilichobaki kwenye akiba, 250,000, kiliwekwa kando kwa ajili ya “mambo ya makaratasi”.

Wakala wa mjenzi alikuwa amewaambia ushuru wa stempu, ule unaolipwa serikali ardhi inapobadilisha mwenyewe, ni asilimia 2 kwa kuwa “huku ni shamba”. Ni kweli sheria ya Kenya ina viwango viwili, asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani na 4 kwa ardhi iliyo ndani ya miji, lakini kiwango hakifuati idadi ya ng’ombe unaowaona njiani. Ardhi ile ilikuwa ndani ya manispaa. Tena ushuru hautozwi kwa bei mliyopatana bali kwa thamani anayoikubali mthamini wa serikali, na yeye aliiona nyumba ile kuwa ya 7,500,000. Walikuwa wameandika 136,000 kwenye daftari. Wakalipa 300,000.

Mengine yakaja moja baada ya jingine. Wakili wao, pamoja na VAT ya asilimia 16: 127,600. Wakili wa benki, ambaye wengi hawajui kwamba analipwa na mkopaji: 87,000. Ada ya benki ya kushughulikia mkopo, asilimia 1: 54,400. Mthamini wa benki: 29,000. Bima ya maisha ya mkopaji na bima ya nyumba, mwaka wa kwanza: 38,000. Ushuru wa stempu wa kuandikisha rehani, ambao ni asilimia 0.1 ya mkopo: 5,440. Ada za masijala na vijikaratasi: 12,000. Jumla ni 653,440, karibu asilimia 10 ya bei ya nyumba, ilhali walitenga 250,000.

Hapo ndipo waliponijia. Pengo lilikuwa la 400,000 na zaidi, na wiki ya kukamilisha mkataba ilikuwa imebaki moja. Sacco iliwapa mkopo wa dharura wa 300,000 wa miezi 36, rejesho karibu 10,000 kwa mwezi. Laki moja Mwalimu aliikopa kwenye chama chake. Nilipitisha karatasi zile kwa nusu saa. Niliangalia payslip na wadhamini. Sikuuliza swali hata moja kuhusu nauli.

*Machi hadi Desemba 2023: kuhamia*

Nyumba ilikuwa mpya, na nyumba mpya huku kwetu ina maana kwamba haijamalizika. Hakukuwa na vyuma vya madirisha. Kabati za vyumbani zilikuwa kwenye michoro tu. Bomba la kaunti lilikuwa limefika barabarani, likakaa hapo. Tangi la lita 5,000 na pampu yake, vyuma, kabati na vyombo vya kupasha maji ya kuoga vilimeza 230,000 katika miezi sita, nyingine kwa mkopo wa duka.

Kisha zikaanza zile bili ambazo hazina risiti moja kubwa ya kukushtua. Maji ya kisima cha mtaa yaliuzwa shilingi 150 kwa kila lita 1,000. Yalikuwa ya chumvi, birika liliota ukoko mweupe ndani ya wiki mbili, na daktari wa meno akawaonya kuhusu floridi, ambayo ni nyingi katika visima vingi vya Nairobi na viunga vyake na huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Basi maji ya kunywa yakawa ya kununua kwa mtungi wa lita 20. Na pampu ya mtaa ilipoharibika, kitu kilichokuwa cha kawaida kama mwisho wa mwezi, nyumba tatu zilichanga kununua lori la lita 10,000. Kwa wastani maji yote yalikuja 5,700 kwa mwezi.

Bomba la maji taka halikuwepo. Nyumba 24 zilitumia mashimo ya pamoja, na lori la kunyonya lilikuja likiitwa. Fungu lao: 2,200. Ada ya huduma ya mtaa, kwa walinzi, taka na taa za njia: 4,500. Gari la kuwapeleka watoto, waliobaki katika shule yao ya Eastlands: 10,500 kwa wote wawili, na lilipiga honi getini saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri.

Nauli ndiyo iliyomshangaza zaidi Fundi, mtu wa vipimo. Alikuwa ameuliza nauli Jumapili ile ile waliyokwenda kutazama nyumba. Nauli ya asubuhi ya Jumanne si nauli ya Jumapili, na nauli ya siku ya mvua ni kitu kingine kabisa. Ongeza boda kutoka steji hadi getini, kwa sababu kilomita moja na nusu ile haitembeki gizani. Kutoka 9,000 nauli ikafika 20,600.

Ukichukua nyongeza tu, yaani kile ambacho hawakuwa wakikilipa Eastlands, unapata 34,500 kila mwezi.

*Machi hadi Julai 2024: mvua na barua*

Mambo mawili yaligongana. Mvua za masika za 2024, zile zilizofurisha sehemu nyingi za Nairobi na kaunti jirani mwezi Aprili na Mei, ziliikata barabara ya kuingia mtaani. Udongo wa huko ni ule mweusi unaonata kwenye kiatu hadi unatembea kama umevaa gunia. Unapolowa huvimba, unapokauka hupasuka, na msingi usiochimbwa hadi chini yake hucheza nao. Wakazi walichanga 15,000 kila nyumba kununua kifusi na changarawe. Sebuleni kwa Mwalimu ufa ukatambaa kutoka pembe ya dirisha hadi sakafuni. Mkataba ulimpa mjenzi jukumu la kurekebisha kasoro kwa miezi sita. Walikuwa wamekaa zaidi ya mwaka. Mwashi aliyeurekebisha aliwatoza 95,000.

Jambo la pili lilikuwa riba. Benki Kuu ilikuwa imepandisha kiwango chake kutoka asilimia 8.75 mwanzoni mwa 2023 hadi 10.5 Juni, 12.5 Desemba, na 13 Februari 2024. Kila hatua ilileta barua. Mkopo wao ulifika asilimia 16 na rejesho likawa 75,200.

Jumlisha: rejesho la nyumba 75,200, nyongeza za maisha 34,500, mkopo wa sacco 10,000. Hiyo ni 119,700 kati ya 165,000, kabla ya chakula, karo na mama mzazi aliye ushago. Juni na Julai hawakulipa benki.

Maamuzi, na kwa nini

Nianze na yaliyofanywa vizuri, maana huwa yanasahaulika kisa kikiwa na machungu.

Mjenzi aliwapa wakili wake “wa bure”. Walikataa, wakatafuta wao wenyewe. Sababu ya Mwalimu ilikuwa ya kawaida kabisa: hakuona jinsi mtu mmoja anavyoweza kumshika mbuzi pande zote mbili za kamba. Wakili wao alipokwenda masijala ya ardhi aligundua mambo mawili. Hati za nyumba zilikuwa bado hazijatoka kwenye hati mama, yaani hati moja ya ardhi yote kabla haijagawanywa, na kodi ya ardhi ya kaunti ilikuwa na malimbikizo. Akaweka kwenye mkataba kwamba baada ya amana ya asilimia 10, hakuna shilingi nyingine itakayotoka hadi hati ya nyumba yao ionekane na malimbikizo yalipwe na muuzaji. Mjenzi alinung’unika, akasema wanunuzi wengine hawana maneno mengi hivyo. Hati ilichelewa kwa wiki saba, lakini ilitoka. Katika safu ile ile, jirani mmoja aliyelipa yote mapema alikuwa bado anaisubiri yake mwaka uliofuata.

Uamuzi wa kuziba pengo kwa mkopo wa dharura ulikuwa na mantiki siku ile. Kujiondoa kungewapotezea amana ya 680,000. Lakini uliwaingiza katika nyumba mpya wakiwa hawana hata shilingi ya tahadhari, na kila kilichofuata kilipiga mahali palipokuwa wazi tayari.

Kuwaacha watoto katika shule ya zamani ulikuwa uamuzi wa moyo. Binti alikuwa na mwalimu aliyemsaidia sana kusoma, na wazazi waliona kuhama nyumba na shule kwa pamoja ni kuwang’oa watoto mara mbili. Siwezi kuwalaumu. Walipanga iwe muhula mmoja. Ikawa karibu miaka miwili.

Gari nusura walinunue. Majirani wengi walifanya hivyo ndani ya mwaka wa kwanza, kwa mkopo. Fundi alikaa na karatasi usiku mmoja akapiga hesabu ya mafuta, bima, maegesho na rejesho, akaona linakula zaidi ya nauli na gari la shule vikiwekwa pamoja. Badala yake alimwendea jirani anayefanya kazi upande wa Mombasa Road.

“Jirani, tuchangie mafuta. Mimi nitakuwa getini saa kumi na moja unusu, sitakusubirisha.”

Mpango ule ulidumu, ukiacha siku jirani alipougua au alipokuwa na safari. Hesabu za nauli ninazozitaja hazijaingiza nafuu ya mpango huu. Ulianza kumpunguzia gharama tu pale alipouhitaji zaidi.

Baada ya miezi miwili ya kutolipa, walikwenda benki kabla benki haijawaita. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki itoe ilani na kumpa mkopaji miezi isiyopungua mitatu arekebishe deni lake kabla haijachukua hatua nyingine, lakini hawakutaka kufika huko. Afisa wa benki alikuwa na jibu tayari: rudisheni mkopo mwanzo, uwe wa miaka 25, rejesho lishuke.

Waliniletea barua ile, na safari hii nilisoma kwa makini. Deni lilikuwa karibu 5,350,000. Kwa riba ya asilimia 16, kuliongezea miaka kungeshusha rejesho kutoka 75,200 hadi 72,700. Shilingi 2,500 tu. Riba ikiwa juu kiasi hicho, karibu rejesho lote ni riba, na miaka ya ziada haina mtaji mwingi wa kutawanya. Kwa nafuu hiyo ya 2,500, na riba ikibaki pale pale, wangeishia kulipa benki karibu milioni 5 zaidi hadi mwisho. Walikataa. Waliomba badala yake malimbikizo ya miezi miwili yagawanywe kwa miezi kumi, na benki ikakubali.

Walifikiria pia kupangisha nyumba na kurudi Eastlands. Wakala alisema ingepata 38,000. Hiyo ni kama nusu tu ya rejesho, na bado wangelipa kodi kwingine. Kuuza kungemaanisha kupata mnunuzi mwenye fedha wakati ambapo riba ile ile ilikuwa imewafukuza wanunuzi, na zile 653,440 za mwanzo zisingerudi kamwe.

Uamuzi uliowaokoa ulikuwa ule uliokuwa polepole kuliko yote. Mwalimu aliomba uhamisho.

Matokeo

Uhamisho ulipatikana Januari 2025, kwenda shule ya umma iliyo umbali wa boda moja kutoka nyumbani. Watoto walihama naye. Gari la shule likaisha, nauli ya nyumba nzima ikashuka kutoka 20,600 hadi 12,800. Nafuu ya 18,300 kwa mwezi, bila kumwomba mtu yeyote apunguze riba.

Benki Kuu ilianza kushusha kiwango chake Agosti 2024. Barua ya kupanda hufika kwa boda, ya kushuka huja kwa mguu, lakini kufikia mwishoni mwa 2025 mkopo wao ulikuwa asilimia 14.5 na rejesho kama 69,600. Mishahara iliongezeka kidogo, ila makato ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 na yale ya bima mpya ya afya ya asilimia 2.75 yalihakikisha fedha za mkononi zimebaki karibu pale pale. Jumla ya mzigo ilikuwa 95,800 kati ya 165,000. Bado ni nzito, lakini malimbikizo ya benki yalikwisha.

Deni la chama liliacha kidonda. Mwalimu alichelewa kulirudisha kwa miezi minane, na mwenzake mmoja aliyekuwa zamu ya kupokea fedha hajamsalimia vizuri hadi leo. Mambo ya namna hii hayaingii kwenye jedwali.

Uchambuzi

Watu wakizungumza kuhusu gharama zilizofichika za nyumba, huwa wanamaanisha mawakili na ushuru. Katika kisa hiki gharama hizo ndizo zilizokuwa wazi kuliko zote. Ziko kwenye sheria, kwenye viwango vya benki, na wakili yeyote angewaandikia kwenye ukurasa mmoja wiki ya kwanza. Kosa la Mwalimu na Fundi lilikuwa kumuuliza wakala, ambaye kazi yake ni kuuza, na kumuuliza wakili baada ya bei kufungwa. Lilikuwa kosa la 400,000, na liliuma, lakini lina mwisho.

Zile 34,500 za kila mwezi ndizo zinazostahili kutazamwa. Nilipozipiga kwa kipimo ambacho benki inakielewa, nilikaa kimya kidogo. Kwa riba ya asilimia 12.5 na miaka 20, rejesho la 34,500 ni la mkopo wa zaidi kidogo ya milioni 3. Kwa maneno mengine, siku walipohamia, mkoba wao ulibeba nyumba ya milioni 10, si ya 6.8. Ile fleti ya vyumba viwili karibu na mji, waliyoiona ndogo na ghali kwa bei hiyo hiyo, haikuwa ghali.

Lakini fungu lile si kitu kimoja. Karibu theluthi mbili, nauli na gari la shule, lilitokana na maisha yao kubaki mjini huku vitanda vyao vikihamia Kiambu. Sehemu hiyo ilikuwa mikononi mwao, na uhamisho wa Mwalimu uliifuta kwa kiasi kikubwa. Wangeomba uhamisho Novemba 2022, siku ya kutia sahihi mkataba, pengine mwaka 2024 ungepita bila kisa. Sehemu iliyobaki, maji, maji taka, taa na barabara, haiko mikononi mwa familia yoyote. Ni kazi ambayo kaunti haijaifanya bado, na mjenzi alijua haijafanywa alipopanga bei. Ndiyo maana bei ilikuwa ya kuvutia. Mnunuzi wa kiungani humlipa muuzaji, kisha humlipa mtoza ushuru, kisha hulipia pengo la kile ambacho ushuru ule ulipaswa kuleta. Kodi ya ardhi ya kaunti wanalipa kila mwaka pia, kama kila mtu.

Je, pengo hilo litazibwa? Yapo maeneo ya kando ya Thika Road ambayo miaka kumi na mitano iliyopita yalikuwa hivi hivi, na leo yana bomba na lami. Mwenye uwezo wa kungoja hufaidika na hilo. Familia hii haikununua uwezo wa kungoja. Ilitumia akiba yote kununua kuta, na hapo ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi la kisa hiki, kubwa kuliko stempu na kuliko nauli: kuingia mlangoni na sifuri. Kama wangepatana kununua nyumba ya 5,800,000 katika safu ya nyuma ya mtaa ule ule, ambayo ilikuwepo na waliikataa kwa kukosa kibaraza, pengo la mwanzo lingekuwa dogo, rejesho lingekuwa jepesi, na wangepata nafasi ya kujiwekea akiba kabla ya masika ya 2024.

Kuhusu ufa, funzo ni dogo na la vitendo. Miezi sita ya kasoro iliisha kabla ufa haujaonekana. Udongo ule hauonyeshi tabia yake hadi ulowe na ukauke. Mkataba wa nyumba juu ya udongo mweusi unafaa uvuke majira yote ya mvua na ya kiangazi, na mjenzi anayejiamini hana sababu ya kukataa mwaka mzima.

Benki ilipima uwezo wao kwa payslip, na sheria ya theluthi moja ya mshahara inayobaki mkononi ilitimizwa bila shida. Payslip haijui unaishi wapi. Mimi nilijua, na nikaipima vivyo hivyo. Mama mkwe wa Fundi, alipokuja kutazama nyumba mara ya kwanza, alisimama jikoni akafungua bomba lililokohoa hewa, akasema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Wote walicheka. Alikuwa ndiye mtu pekee aliyejaribu bomba.

Fomu yetu ya mkopo wa nyumba sasa ina safu mbili mpya. Ya kwanza inamtaka mwombaji aandike nauli aliyoilipa mwenyewe, siku ya kazi, kutoka geti la nyumba anayotaka kuinunua hadi kazini, akiondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Ya pili inauliza maji yanatoka wapi, bei gani, na nini kinatokea pampu ikifa. Mwanachama wa kwanza kupewa fomu hiyo alikuwa na wakala wake nje kwenye gari. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akasema ataijaza Jumanne. Bado namsubiri.